Upepo wa Usoni Mpaka Dar es Salaam

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Ni nzuri, nawashukuru, ila tangu Jumatatu iko nyuma na mume wangu hataki niiguse. Anasema nimestaafu, niache mambo ya saa. Basi nimekaa barazani hapa Unyambwa, saa inasema uongo nyuma ya mgongo wangu, nami nawaandikia yale mliyokuwa mnaniuliza wakati wa chai nikiwajibu "kesho, kesho."

Nilipanda cheo lini na nilikuwa nalipwa nini, hayo hamtayapata hapa. Hayana ladha. Nitawaandikia jinsi kiwanja chetu cha ndege kilivyokuwa nilipoingia, mtu aliyenifundisha kazi, na ile safari ya kumtoa kijana Moscow mpaka kwa baba yake upande wa Sepuka, ambayo kila mtu anaisimulia kwa kuongeza chumvi. Mimi nilikuwepo. Chumvi yangu itakuwa ya kiasi.

Niliajiriwa uhuru ukiwa bado mbichi. Wasichana wenzangu niliomaliza nao darasa la nane walikwenda ualimu na uuguzi. Mimi nikasikia kiwanja cha ndege kinatafuta karani anayejua Kiingereza kidogo na hesabu nyingi. Baba yangu aliacha kutafuna. "Wewe na ndege wapi na wapi?" akaniuliza. Nikamwambia hata ndege wenyewe wanaanzia chini. Hakucheka, lakini kesho yake alinipa nauli.

Kiwanja chenyewe kilikuwa njia ndefu ya udongo, kibanda cha bati cha chumba kimoja, mapipa ya mafuta, redio ya mawasiliano iliyokuwa kubwa kama kabati, na ule mfuko mrefu wa upepo juu ya mlingoti ambao watu walikuwa wanauita suruali ya serikali. Palikuwa pia na ng'ombe, na ng'ombe ndio walikuwa wengi kuliko vyote. Asubuhi ya siku ya ndege kazi ya kwanza ya karani ilikuwa kushika fimbo na kuwatoa. Nyie mna uzio. Shukuruni.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Kapaya, Mnyamwezi wa Tabora, mwembamba, kaptula yake imepigwa pasi mpaka ukiigusa unajikata. Vita vya Burma alivipigana kwenye redio, na aliporudi akawa haamini kitu kingine. Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa gauni jipya nikitegemea kukalishwa mezani. Akanipa kikopo cha vumbi.

"Ndugu Amina," akasema, "nenda katikati ya kiwanja. Mwaga vumbi kidogo kidogo, uniambie linakwenda wapi."

Nilimwaga vumbi mpaka jua la utosi. Kila nilipokwenda kumwambia, aliniuliza kama nina hakika, kisha akanirudisha. Gauni liligeuka rangi. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, nikamwambia mama kwamba nimeajiriwa na mwendawazimu. Baada ya wiki nikawa nikitoka mlangoni, shavu peke yake linaniambia upepo umetoka wapi na una nguvu kiasi gani. Marubani wakawa wanauliza: "Ni Kapaya au ni shavu la Amina?" Wakisikia ni shavu, wanatua.

Upepo wa Singida mnaujua. Kiangazi unatoka mashariki, unapiga kutwa, unaondoka na kofia ya mtu haurudishi. Ndege iliyotoka Dar es Salaam inakuja nao mgongoni, inafika imefurahi. Inaporudi inakutana nao usoni, inapanda kama mtu anayesukuma baiskeli mlimani. Njia ni ile ile, na safari si ile ile. Abiria walikuwa wanatugombeza kwa hilo. Mtu anakwambia, juzi nilikuja kwa saa mbili na ushei, leo mnaniambia karibu saa tatu, kwani Dar imehama?

Mzee Kapaya alikuwa na ramani ya dunia ukutani na kibunda cha uzi mweusi wa kushonea. Ukiulizwa umbali, unanyoosha uzi kutoka mji hadi mji, unaupeleka kwenye kipimo pembeni ya ramani, unapata maili. Hayo ya uzi alinifundisha kwa siku moja. Yaliyobaki yalichukua miaka: mwendo wa ndege, upepo wa siku hiyo, mahali inapotua kunywa mafuta, na mahali ambapo abiria atakaa kwenye benchi akingoja ndege nyingine. Alikuwa akisema watu wakiuliza umbali wanataka kujua wataonana lini. Na alikuwa na sharti moja gumu: ndugu wa abiria usimpe saa, mpe siku. Ukimpa saa, ataibeba moyoni, na ndege haina habari na moyo wake.

Abiria tulikuwa tukiwapima kwa mizani ya vitunguu tuliyoazima chama cha ushirika. Ndege ilikuwa ndogo, kila ratili ina maana. Nilidhani akina mama wataona haya. Wapi! Kuna mfanyabiashara mmoja wa karanga, mama mzito mwenye nafasi yake, nilimpima nikamnong'oneza namba sikioni. "Sema kwa sauti," akaniambia, "wifi yangu yuko pale." Wazee nao walipenda kupimwa na mizigo yao mikononi, ili waonekane wamo. Na kila safari palikuwa na mtu mwenye debe la asali anayeapa kwamba halivuji, na kila safari rubani alishuka Dar na viatu vinanata.

Mwaka wa nne au wa tano wa kazi yangu alikuja Mzee Njiku kumsindikiza mwanawe. Mzee Njiku alikuwa mkulima na mfugaji wa upande wa Sepuka, mrefu, mkavu, shuka limefungwa begani. Mwanawe Daudi, mtoto wake wa kwanza, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusomea madini Moscow. Nikampima kijana, nikampima na begi, wakakaa kwenye kivuli cha kibanda kungoja. Yule mzee akainuka, akaja dirishani.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, binti. Huko anakokwenda huyu ni mbali?"

Nikachukua uzi, nikaunyoosha kutoka Singida kwenda juu mpaka Moscow. Nikamwambia ni maili elfu nne na zaidi. Akaniangalia kama mtu aliyesomewa Kilatini.

"Kwa kuswaga ng'ombe?"

Nikapiga hesabu ya ng'ombe. Nikamwambia ni mwaka umepita na bado, tena njiani kuna jangwa na bahari.

"Basi hakuna ng'ombe atakayefika," akasema. Akanyoosha mkono. "Hebu nione hicho ulichopimia." Nikampa uzi. Akaushika ncha mbili, akautazama sana. "Ndio huu? Mbona ni mfupi hivi?"

Nilitaka kumweleza habari za ramani, lakini ndege ilikuwa imeshaonekana. Nikakata ule uzi nikamwachia. Daudi alipoondoka, baba yake alikuwa bado anajaribu kuufunga kwenye kifundo cha mkono kwa meno. Lilikuwa jambo dogo, nikalisahau.

Miaka ikaenda. Ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Walioyaona wanajua, na ambao hamkuyaona ulizeni wazazi wenu, kila mmoja atakwambia lake. Mimi nitasema linalohusu safari hii tu. Watu waliokuwa wametawanyika na mashamba yao walipangwa kwenye vijiji vya ujamaa, na malori yote ya mkoa yakawa yanahamisha vitanda, mabati na kuku. Kijiji kipya cha akina Mzee Njiku kilipangwa karibu na kiwanja kidogo cha ndege kilichotengenezwa zamani na wamisheni kwa ajili ya daktari wao. Daktari alikuwa ameshaondoka. Kiwanja kilibaki, na wenyeji wapya walikiona kuwa ni uwanja mzuri wa mikutano.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji kile akafika kwetu na baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Jina lake Salumu, mtu mfupi mwenye sauti ya watu wawili, mwema, na mwenye kupenda mambo yafanyike kwa heshima. Alisema Mzee Njiku anaumwa tumbo, limevimba, hospitali ya mjini imesema upasuaji wake ni wa Dar es Salaam. Mzee amekataa kwenda. Amesema hatoki kijijini kabla hajambariki Daudi.

"Si wamwandikie barua?" nikauliza. Swali la kijinga, nikajua nikiwa bado nalisema.

"Baraka ya mtoto wa kwanza ni ya mdomo na mate, dada Amina. Mate yanakwenda kwa barua?"

Mimi ni Mnyaturu, sikuhitaji kuelezwa. Baba anachukua maji kinywani, anampulizia mwanawe kifuani na kichwani, anatamka. Asipofanya hivyo mwenyewe akiwa hai, basi. Mzee Njiku aliogopa akipasuliwa asiamke, na Daudi abaki hivyo maisha yake yote. Kwa upande mwingine, mganga wa zahanati alikuwa amesema tumbo lile halingoji.

Tukapiga simu ya maandishi Moscow. Jibu likaja: Daudi amepewa ruhusa, atafika Dar Jumatano. Mwenyekiti alirukaruka. Mimi na Mzee Kapaya hatukuruka, kwa sababu sasa ndipo kazi ilipoanza. Moscow mpaka Dar, nusu ya ramani, ni siku moja na kipande. Dar mpaka Singida, kama anaiwahi ndege yetu ya Alhamisi, ni asubuhi moja. Singida mpaka kijijini, mahali ambapo uzi wa Mzee Kapaya hauwezi hata kukunjwa, hakuna lori, hakuna Landrova, na mgonjwa hawezi kubebwa kwa baiskeli. Vijana, mkumbuke hilo. Sehemu fupi ya safari ndiyo inayokula siku.

Mzee Kapaya akampata rubani wetu, Lazaro, kwenye redio. Lazaro alikuwa kijana wa Kilosa, mchache wa maneno. Alikubali kupitiliza Singida dakika chache, atue kijijini, amshushe Daudi, ampakie mzee, arudi Singida kunywa mafuta na kwenda Dar. Lakini alikuwa na masharti. Ruhusa yake ilikuwa ya kuruka mchana tu, na kurudi Dar angeupiga upepo usoni njia nzima. Kwa hiyo akikuta kiwanja hakifai atazunguka kidogo, kisha atageuza, na ndege nyingine ni wiki ijayo. Na akasema hatui mahali ambapo Amina hajasimama kwa miguu yake na kumwashia moshi wa kumwonyesha upepo.

"Wiki ijayo mzee hayupo," Mwenyekiti akasema.

Nikampa Mwenyekiti maagizo ya kiwanja. Ng'oeni visiki, toeni mawe, fukieni mashimo ya mhanga, siku hiyo ng'ombe wasikanyage. Akayarudia yote kwa kichwa bila kukosea. Kisha akaniuliza amwambie nini mzee. Mzee Kapaya alikuwa ananitazama. Nikajua anataka niseme "Alhamisi" ninyamaze. Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu, upepo nilikuwa naujua kama ninavyomjua mama yangu, nikasema: "Mwambie Alhamisi, kabla ng'ombe hawajaenda kunywa maji." Mzee Kapaya akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

Jumatano nikachukua baiskeli yangu nikashika njia. Upepo ulikuwa mgongoni, namshukuru Mungu, maana mchanga wa njia ile ungenikalisha. Nilifika jua likiwa la jioni. Nikakizunguka kiwanja chote kwa miguu: hakuna kisiki, hakuna jiwe, kimefagiwa mpaka alama za ufagio zinaonekana. Nilimkumbatia mke wa Mwenyekiti kwa furaha. Nikapitia kwa Mzee Njiku, nikamkuta amelala kitandani, mwili umeisha, tumbo limebaki peke yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni wewe binti wa uzi?" Akatoa mkono chini ya shuka. Ulikuwa pale kwenye kifundo, rangi imeshakuwa ya majivu. "Kabla ya maji ya ng'ombe, umesema?"

"Nimesema, baba."

"Haya. Nitangoja mpaka hapo." Akafumba macho. Nilitoka nje, nikaelewa kwa nini Mzee Kapaya hakuwapa watu saa.

Asubuhi nikamnywesha mzee uji, nikapanga na vijana wanne watakaobeba kitanda chake, nikabeba majani mabichi na mavi makavu ya ng'ombe kwa ajili ya moshi, nikaenda kiwanjani. Nilipofika nilifikiri nimepotea njia.

Katikati ya kiwanja, mahali hasa ambapo ndege ingegusa ardhi, palikuwa na lango. Nguzo nne ndefu zimechimbiwa, mbili huku na mbili kule, kamba ya matawi mabichi imevutwa juu toka upande hadi upande, na kanga nyekundu zinapepea. Pembeni kikundi cha ngoma kimepanga mistari, akina mama na njuga zao miguuni. Mwenyekiti amevaa koti, katika joto lile, anatabasamu mpaka masikioni.

Nieleweni vizuri, wasomaji wangu. Hawa hawakuwa wajinga. Tangu wahamie pale walikuwa wamepokea wageni wengi wenye vyeo, na kila mgeni alijengewa lango la matawi na kila mgeni alipita chini yake, na walisifiwa. Ndivyo mtu mkubwa anavyopokelewa. Sasa anakuja mtoto wao kutoka Moscow, tena angani. Walikuwa wamengoja mpaka alfajiri ili matawi yasinyauke.

"Mwenyekiti!" nikapiga kelele. "Hiki ni nini?"

"Lango, dada Amina."

"Ndege itapita wapi?"

"Hapo katikati. Usiwe na wasiwasi, tumepima! Kuna kijana wetu alishaiona ndege mjini, akatupigia hatua za mabawa. Tumeongeza na nafasi ya rubani kupunga mkono."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na kabla sijaamua nikasikia mlio. Upepo ulikuwa umeileta ndege mapema kuliko hesabu yangu. Ilijitokeza mashariki, ikapita juu yetu chini chini, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikaiona inainua pua na kuzunguka. Lazaro alikuwa ameliona lango. Kwenye dirisha la nyuma palikuwa na uso umebanwa kwenye kioo.

"Ng'oeni!" nikasema.

"Lisipitwe?" Mwenyekiti aliumia kweli kweli, niliona. "Wageni wa wilaya wamepita, mtoto wa Njiku apite pembeni kama mbuzi? Watu watasemaje?"

Wazee wawili wakamuunga mkono. Ndege ikapita mara ya pili. Nilikuwa na hasira ya kumtafuna mtu, lakini Mzee Kapaya alinifundisha kwamba redioni ukipaza sauti husikiki, unakwaruza tu. Nikashusha sauti.

"Mwenyekiti, mgeni wetu leo ni ndege au ni Daudi?"

Akafikiri. "Ni Daudi."

"Basi lango ni la Daudi. Lipelekeni kule mwisho, ndege itakaposimama. Atashuka, atapita chini yake kwa miguu yake, mtamwona vizuri, mtampigia ngoma. Ndani ya ndege mtamwonea wapi?"

Bibi mmoja wa ngoma akaangua kicheko. "Huyu dada kasema! Mimi nimekuja kumwona mtoto, sikuja kuona bati." Na kabla Mwenyekiti hajajibu, yule bibi ameshashika nguzo anaivuta. Wakamfuata wote. Nguzo zilitoka kama magugu, kamba ya matawi ikakimbizwa begani na watu kumi.

Yakabaki mashimo manne, marefu kama mkono. Gurudumu likiingia humo, tumekwisha. Wakasukuma udongo kwa miguu na majembe, lakini udongo uliomwagwa tu ni mtego, lazima ushindiliwe, na ndege ilikuwa inazunguka mara ya tatu. Nikawatazama wale akina mama na njuga zao.

"Ngoma!" nikasema. "Ichezeni hapa! Hapa juu ya mashimo!"

Mwenyekiti alinielewa kabla ya wote, namsifu kwa hilo. Alivua koti, akaruka juu ya shimo la kwanza, akaanza kukanyaga na ile sauti yake ya watu wawili inaimba. Ngoma zikapigwa. Wakagawana mashimo manne, wakacheza kwa nguvu ambazo wageni wa wilaya hawakuwahi kuziona, vumbi linafuka, udongo unalia chini ya visigino. Mimi nikakimbilia moshi. Nikawasha, ukainama wote kuelekea magharibi, nikasimama pembeni yake nimenyoosha mikono ili Lazaro anione. Kisha nikawapigia filimbi, wakatawanyika wakiwa bado wanacheza.

Lazaro akatua. Magurudumu yalipita juu ya shimo moja, nililitazama mwenyewe, hata alama hayakuacha.

Daudi alishuka na koti la baridi mkononi, nene kama godoro, na hakujua aliweke wapi. Akapita chini ya lango. Ngoma ilitaka kupanda tena, lakini wale vijana wanne walikuwa wanakuja na kitanda, na watu wakanyamaza wenyewe. Daudi akalitupa lile koti chini, akapiga magoti.

"Baba. Shikamoo baba."

Mzee akaitikia kwa mikono. Alimpapasa uso, masikio, mabega, kama mtu anayekagua ndama aliyepotea akarudi. "Ng'ombe wameshakwenda majini?" akauliza. Wakamwambia bado. Akanitafuta kwa macho, akaniitikia kwa kichwa. Kisha akaomba kibuyu, akachukua maji kinywani, akampulizia mwanawe kifuani, akampulizia kichwani, akatamka maneno ambayo si ya kuandika hapa. Daudi alikuwa analia wazi wazi, na Mwenyekiti, na mimi, na sioni haya kuyasema.

Alipomaliza akaufungua ule uzi mkononi kwa meno, kama alivyoufunga. "Chukua kitu chako, binti," akaniambia. "Mimi sasa sina kazi nacho. Nipelekeni mnakotaka."

Lazaro alimwinua mikononi kumwingiza ndani ya ndege, Daudi akafuata kumsindikiza baba yake, kisha Lazaro akanigeukia, uso umebadilika. "Huyu hana uzito," akasema taratibu. "Nafasi ipo. Ingia na wewe, tukushushe Singida." Hivyo ndivyo nilivyopanda ndege mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile ya kuwaambia watu safari inachukua muda gani. Nilifumba macho njia nzima. Msiulize niliona nini. Baiskeli yangu aliniletea Mwenyekiti baada ya siku tatu, bila kengele, na mpaka leo anadai ilikuwa haina.

Tulipokuwa tunajaza mafuta Singida, mzee akaniita dirishani. Alikuwa amelazwa, kichwa kwenye mapaja ya Daudi, lile koti la Moscow limemfunika.

"Binti, huko Dar tunafika lini?"

"Kabla ya magharibi, baba. Lakini itachukua muda zaidi ya alivyokuja Daudi. Yeye alikuja na upepo mgongoni, nyie mnakwenda nao usoni."

"Njia ni ile ile?"

"Ile ile."

Akafunga macho. Nilidhani nimemvunja moyo.

Msikae roho juu: Mzee Njiku alipasuliwa, akaamka, akapona. Alirudi kwa treni mpaka Manyoni na kwa lori mpaka kwake, na aliishi miaka mingi akipokea wageni chini ya lango la matawi. Daudi alimaliza masomo. Ule uzi niliuzungushia kwenye kibunda cha Mzee Kapaya, na siku alipostaafu nilimfungashia kibunda chote.

Lakini mchana ule tulikuwa hatujui bado. Tulikaa kibandani mimi na Mzee Kapaya, redio inakwaruza, mfuko wa upepo umenyooka nje. Mzee Kapaya hakuwahi kuruhusu neno la mchezo kwenye redio. Redio ilikuwa ya upepo, mafuta na hali ya kiwanja, basi. Ghafla sauti ya Lazaro ikaingia kutoka mahali fulani juu ya Dodoma.

"Singida, Singida. Nina abiria anaulizia jambo."

Nikashika kipaza sauti. "Sema, Lazaro. Mzee hajambo?"

"Hajambo. Wanaongea na mwanawe tangu tuondoke, hawajapumzika. Anauliza kama kuna njia ndefu zaidi."

Nikatazama ramani ukutani. Mzee Kapaya akanyoosha mkono, akakichukua kipaza sauti, akauchungulia dirishani ule mfuko wa upepo kama kawaida yake kabla ya kusema lolote.

"Mwambie upepo ni wa usoni mpaka Dar es Salaam," akasema. "Haraka hatuna ya kumpa."